Msimamizi wa Viatu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka 2024, saa nane na dakika kumi mchana. Crisóforo Tepole anaikumbuka dakika yenyewe kwa sababu simu ilipolia alikuwa amelala chali chini ya lori la miwa, jeki imepanda, na kabla ya kuipokea alitukana kwanza. Hakulitukana lori. Aliitukana serikali. Barabara ya San Bartolo Atempan ina mashimo ambayo kila meya anayeapishwa huahidi kuyaziba na kila meya anayeondoka huyaacha yamezaa, na ingawa mashimo hayohayo ndiyo yanayomlisha fundi wa pancha, Crisóforo hajawahi kumshukuru meya hata mmoja.

"Nani?"

"Wewe ndiye baba yake Yareli?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, na nyuma yake kelele za mabasi. "Mimi naitwa Tomasa. Nakaa mlangoni mwa vyoo vya kituo cha mabasi, huku chini mjini. Binti yako ninaye hapa. Alikuwa anamsubiri mtu wa kwenye simu. Hajaguswa na mtu. Lakini njoo, bwana, njoo sasa hivi, na uje mwenyewe."

"Binti yangu yuko shule."

"Basi shule imehamia chooni. Ana sare, ana kitambulisho shingoni, na namba yako nimeitoa hapohapo. Njoo."

Crisóforo alitoka chini ya lori bila kufuta mikono. Akavuka barabara mbio hadi kwa Nazario, kompadre wake, yaani msimamizi wa ubatizo wa Yareli, ambaye huuza mitungi ya gesi kwa pikapu. Nazario hakuuliza maswali. Alishusha mitungi miwili iliyokuwa inacheza nyuma, akawasha gari, wakateremka mlima.

Njia nzima Crisóforo aliwataja wenye makosa mmoja baada ya mwingine. Walimu kwanza, maana, kama Nazario alivyomwambia garini, shule ilifungwa saa tano asubuhi ile, walimu wakaenda kwenye mkutano wa chama chao, watoto wakamwagwa barabarani kama maharage. Kisha meya, aliyesimamisha mnara wa mtandao wa bure bustanini, na siku ya kuuzindua akaleta bendi, wakati kliniki ya Atempan ilikuwa imepakwa rangi mpya na ndani haina daktari wala dawa. Crisóforo aliijua vizuri ile rangi. Alikaa akiitazama saa sita nzima, miaka miwili nyuma, Remedios wake akiwa amelala kwenye benchi na sukari imempanda, mpaka hapakuwa tena na sababu ya kuendelea kukaa.

"Wanatuua kwa zamu," alisema. "Wale wa dawa wakimaliza, wanakuja wale wa mtandao."

"Kompadre," Nazario akasema bila kutoa macho barabarani, "leo waache. Leo tumchukue mtoto."

*

Yareli alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza ya karatasi za choo, mkoba mapajani, macho makavu. Alipomwona baba yake hakuinuka. Tomasa, mwanamke mfupi wa aproni ya maua, alimpima Crisóforo juu hadi chini kabla ya kufungua mdomo.

"Amekuwa kwenye benchi lile tangu saa saba kasoro. Anaandika kwenye simu, anainuka, anachungulia maegesho ya nyuma, anarudi. Mara ya tatu nikamwuliza, mwanangu, unamsubiri nani? Akasema, msimamizi wangu, ananiletea viatu vya sherehe nivijaribu. Nikamwambia, msimamizi gani huyo asiyejua mlango wa mbele? Mimi nina miaka kumi na tisa hapa, bwana. Wasichana wanaotokea mlango wa nyuma nimewaona. Wengine picha zao ndizo zile."

Alinyoosha kidevu kuelekea ukutani, ambako karatasi za watu waliopotea zilibandikwa moja juu ya nyingine kama viraka kwenye tyubu kuukuu.

"Simu yake ikalia, nikamnyang'anya. Nikasema, ewe bwana viatu, njoo hapa mbele yangu, mtoto ameshavua na soksi. Akakata."

"Alikuwa na sauti gani?" Nazario akauliza.

"Nzuri," akasema Tomasa. "Sauti ya mtu aliyelelewa. Hiyo ndiyo iliyonitia baridi."

Nazario alimshukuru mwanamke yule mara tatu. Crisóforo aliuchukua mkoba wa Yareli mapajani. Sauti ile aliijua. Aliwahi kuisikia masikioni mwake mwenyewe, akala chakula akiwa ameshiba maneno yake, na siku ile alifurahi.

*

Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na nane Januari. Walikuwa mezani. Yareli alikuwa amemaliza supu, yuko kwenye lile gemu lao la visiwa, ambalo nusu ya watoto wa Atempan wanalicheza: kila mmoja ana kisiwa, anajenga nyumba, analima, anatembelea visiwa vya wenzake na kuzungumza nao kwa hedifoni. Crisóforo alilipenda gemu lile, na hilo ndilo linalomchoma hadi leo. Alilipenda kwa kuwa Yareli akicheza alikuwa anacheka, na nyumba ile tangu Remedios aondoke haikuwa na kicheko. Alidhani mtoto aliye ndani ya nyumba yuko ndani ya nyumba.

"Baba, kuna mtu anataka kukusalimia. Ni Kapteni, anayetufundisha kujenga."

Ni lazima ijulikane kwamba wakati ule Crisóforo alikuwa na mzigo kifuani. Yareli alikuwa anatimiza miaka kumi na tano mwezi wa Mei, na binti wa kumi na tano huko Atempan hafanyiwi sherehe ya kuingia utu uzima na baba yake peke yake. Kila kitu cha sherehe kina msimamizi wake, mtu anayekigharamia: msimamizi wa keki, wa taji, wa gauni, wa muziki. Na msimamizi haji mwenyewe. Unamwendea nyumbani na kikapu cha mikate mitamu, kofia mkononi, unaomba; akikubali, anakuwa kompadre wako. Kazi hiyo ilikuwa ya Remedios; alikuwa na mdomo wa kuomba bila kujishusha. Crisóforo hakuwa nao. Keki ilishikwa na Nazario, gauni na Hermelinda, dada yake Crisóforo. Vilibaki viatu, navyo ndivyo vizito kuliko vyote, maana mbele ya watu wote baba hupiga magoti, humvua binti viatu vya kitoto na kumvalisha vya kisigino kirefu. Wiki tatu kikapu kilikaa mezani kitupu.

Basi akafuta mikono, akavaa hedifoni.

"Shikamoo, don Crisóforo," sauti ikasema. "Samahani kwa kukukatiza chakula. Mimi naitwa Anselmo. Yareli amenieleza habari za marehemu. Pole sana, don. Nina binti wa umri huohuo, najua mzigo ambao mtu anaubeba."

Ofisi ya meya haikumpa pole. Kliniki haikumpa pole. Walimpa karatasi ya kusaini. Na sasa mtu asiyemjua, kutoka hewani, anamwita don kwa heshima na kumpa pole kama mtu aliyesimama kaburini.

"Nasikia viatu bado havina mwenyewe," ile sauti ikaendelea. "Kama hutaniona mkosa adabu, naiomba heshima hiyo kwako."

Msimamizi anayeomba mwenyewe! Jambo hilo mtu husimulia miaka kumi. Kumkataa ni kumtemea mate. Crisóforo alisimama, ndiyo, alisimama kabisa pale mezani kana kwamba mgeni ameingia, na kofia akaivua.

"Heshima ni yetu, kompadre," akasema.

Na mtu akishakuwa kompadre, adabu ya Atempan inajulikana. Husemi tena nyumba yangu. Unasema nyumba yako, na unamweleza ilipo, ili ajue kwamba hufungi.

"Nyumba yako iko mtaa wa Allende, hatua chache juu ya gereji ya matairi, mlango wa buluu. Siku ukipita, usibishe hodi, ni kwako. Mimi nashinda gereji mpaka jioni, lakini binti anarudi saa nane na nusu, atakufungulia."

Yareli alikuwa akimtazama kwa macho yanayong'aa. Crisóforo akaongeza na namba ya kiatu cha binti.

Hermelinda alipouliza msimamizi wa viatu ni nani, alimjibu, "Dereva wa malori, mteja wangu, mtu wa Puebla." Angesemaje? Kwamba kompadre wake ni hedifoni?

*

Jioni ileile ya Machi, kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, waliketi kwenye viti vitatu vilivyounganishwa kwa chuma. Kijana wa kuandika maelezo alikuwa na kikombe cha kahawa kilichopoa na kidole kimoja cha kuchapia.

"Mnaendelea kuchapa hivyo hivyo mpaka yule mtu azeeke?" Crisóforo akamuuliza. "Akaunti yake mmeitafuta?"

"Imefutwa, mzee. Leo saa tisa. Tunaandika barua kwa kampuni."

"Barua! Mtu yuko hewani, nyie mnampelekea barua!"

"Mzee, niache nimsikilize binti." Kijana akamgeukia Yareli, akashusha sauti. "Huyu mtu alijuaje unapoishi? Humu kwenye ujumbe wake anataja mlango wa buluu. Nani alimwambia?"

Crisóforo aliufungua mdomo. Anaapa kwamba aliufungua.

"Mimi," Yareli akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Kijana akachapa, kwa kidole kile kimoja, polepole, herufi baada ya herufi. Ilichukua muda mrefu. Muda wote huo ulikuwa wa Crisóforo, angeweza kuutumia, na akautumia kutazama kikombe cha kahawa.

Kesho yake alfajiri na mapema alinunua kopo la rangi akaupaka mlango rangi ya kahawia. Jirani mmoja akapita, akasema, "Unapamba kwa ajili ya sherehe, don Crisóforo?" Crisóforo akachovya brashi tena.

Sherehe yenyewe ilikuwa imeshakufa. Hermelinda aliizika mchana wa siku hiyo. Alikuja na shali yake na hasira zake, akachukua simu ya Yareli, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akasema gauni litarudishwa dukani.

"Wewe mtoto, mama yako angekuwa hai ungemuua leo! Unampa mwanamume usiyemjua mlango wa nyumba ya baba yako? Akili zako umezijengea kisiwani?"

Yareli alikuwa akiosha vyombo. Aligeuka, akachukua sahani nyingine mezani.

"Basi, Hermelinda," Crisóforo akasema.

"Usiniambie basi! Ulimlegezea kamba. Ona uso wake, hata aibu hana. Na huyo mtu wako wa Puebla utamwambiaje? Mtu mzima wa watu ameshajitolea viatu!"

Crisóforo akasema atamwambia. Akatoka nje. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: dada yake hakuwa amejua bado kwamba mtu wa Puebla na mtu wa gemu ni mmoja, naye akamwacha asijue.

Kwenye foleni ya tortilla, mikate ya mahindi, wanawake walinyamaza Yareli alipofika na wakaanza tena alipoondoka. Mmoja alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini sana, kwamba wasichana wasio na mama huota miguu mapema. Crisóforo aliyasikia akiwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa na spana mkononi. Akarudi kwenye tairi.

*

Siku ya tatu alikwenda shule. Mtu anayeoza kwa ndani hutafuta mlango wa kupiga teke, na wa shule ulikuwa karibu.

Mwalimu mkuu, Obdulia, alikuwa mwanamke mwembamba aliyefundisha nusu ya mji, pamoja na Crisóforo mwenyewe mpaka darasa la nne, alipoacha shule akaenda kukata miwa. Humwita kwa jina lake la darasani mpaka leo.

"Kaa, Foro."

"Sikai, mwalimu. Nimekuja kukuuliza. Nyinyi ndio wasomi. Nyinyi ndio mnaojua hizo gemu na hizo simu. Watoto mnawafungulia saa tano kama mbuzi, na sisi wajinga hakuna hata mmoja aliyetuita akatuambia, jamani, humo ndani mna watu. Hata mmoja! Mngetuambia!"

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akafungua droo, akatoa daftari la mahudhurio ya wazazi, akalipekua, akaligeuza limwelekee Crisóforo.

"Ijumaa, tarehe kumi na tisa Januari," akasoma. "Mkutano wa wazazi. Kuwalinda watoto kwenye michezo ya mtandaoni. Alikuja mtaalamu wa mtandao kutoka mjini. Watu hamsini na wawili. Jina lako hili hapa. Limewekewa alama. Ulikuwepo."

Crisóforo alilitazama jina lake. Lilikuwa moja ya maneno machache ambayo hakuhitaji kuyasoma mara mbili.

Alikumbuka. Asiyeitika jina mkutanoni hufagia uwanja wa shule Jumamosi, huo ndio utaratibu, kwa hiyo Atempan nzima watu huitikiana. Alimwambia Nazario, "Niitikie, kompadre. Watakuwa wanataka mchango wa rangi ya ukuta." Na Nazario alimwitikia, akibana pua.

"Alisemaje huyo mtaalamu?" akauliza. Kiti alichokikataa akakivuta, akakaa.

Obdulia akatoa karatasi, akavaa miwani. "Alisema tukae nao wanapocheza. Tujue majina ya wanaocheza nao, na kama kuna mtu mzima, tuulize mtu mzima anatafuta nini kwenye mchezo wa watoto. Alisema mtoto asitaje jina lake kamili, wala shule, wala mtaa. Anayetoa zawadi, tumwogope kuliko anayetukana. Anayesema tutoke kwenye gemu tuongee pembeni, mwisho hapo hapo. Na alisema," mwalimu akapandisha miwani, "mtoto akikosea asipigwe wala asinyang'anywe simu papo hapo, maana siku nyingine atanyamaza. Ndiyo hayo. Nusu saa tu."

Siku tisa. Kati ya nusu saa ile na Jumapili ya supu kulikuwa na siku tisa.

"Mwalimu," akasema, akalifunga daftari, akatoka.

Kutoka pale alimkuta Nazario anapakia mitungi, akamrukia.

"Kwa nini hukuniambia waliyosema?"

"Nilikuambia! Nilikuja gereji siku ileile. Ulikuwa unagonga ringi kwa nyundo. Ukasema hayo ni magonjwa ya watoto wa matajiri, sisi wetu hata bando hawana." Nazario akauweka mtungi chini. "Kompadre, miaka miwili nakusikiliza. Meya, daktari, walimu, na asilimia kubwa una haki, Remedios hakustahili kufa vile. Lakini nyani naye siku moja ageuze shingo atazame nyuma yake. Kuna nini? Hukuja hapa kwa sababu ya mkutano."

Crisóforo akamwambia. Alimwambia yote, hadi kofia aliyoivua. Nazario alisikiliza, na mwisho akakaa juu ya mtungi.

"Mlango wa buluu," akasema. "Ee Mungu wangu. Mimi pia ningesema, unajua? Ningesema vilevile."

Maneno hayo yalikuwa ya kumfariji. Hayakumfariji.

*

Alhamisi ya wiki iliyofuata Yareli alimletea chakula gereji. Kwa kawaida aliweka bakuli na kuondoka. Siku hiyo alisimama kando ya beseni la maji, ambamo baba yake alikuwa akizamisha tyubu kutafuta tundu.

"Hapo," akasema. Viputo vilikuwa vinapanda upande wa kulia.

"Nimeona."

Akakaa kwenye tairi. "Baba. Mimi sikusema kwamba ni wewe."

"Najua."

"Wala kwa shangazi."

"Najua, mwanangu." Mikono yake ilikuwa ndani ya maji, hakuitoa. "Kwa nini hukusema? Mimi nilikuwepo. Ungeninyooshea kidole tu."

Yareli alifikiri. "Ulikuwa umefurahi sana siku ile. Ulisimama. Tangu mama afe sijawahi kukuona unasimama kwa ajili ya mtu." Akakwangua matope kwenye kiatu. "Na mimi aliponiambia nije mjini, niliona kitu si sawa. Niliona, baba. Alisema nisimwambie mtu, itakuwa mshangao. Nikafikiri, lakini huyu si mtu baki. Huyu ni kompadre wa baba. Baba amempa nyumba."

Crisóforo alishika tyubu ile mpaka upepo wote ukaisha, viputo vikakoma. Alikuwa akitafuta mtu wa kumtupia maneno yale na kila aliyemkumbuka, meya, daktari, kijana wa kidole kimoja, alikuwa mbali nayo.

"Rudi nyumbani, kula," akamwambia. "Kesho kuna mkutano shuleni. Uje na shangazi yako."

"Wakanitazame?"

"Uje tu."

*

Mkutano ulikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na mbili, saa kumi jioni, jua bado kali madirishani. Darasa lilijaa mpaka mlangoni. Watu walikuwa wamekuja kuona. Hermelinda alikaa nyuma na Yareli, amemshika mkono karibu na bega kama mtu anayemshikilia kuku wa sokoni.

Mwalimu Obdulia akaanza kuita majina. Alipofika kwenye T, akasita.

"Tepole, Crisóforo."

"Nani anamwitikia leo?" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka.

"Nipo mwenyewe," Crisóforo akasema. Wakageuka kumtazama.

Mwenyekiti wa wazazi, Heladio, mwenye duka la mbolea, alipewa nafasi kwanza. Alizungumza kwa kirefu. Alisema gemu ni shetani aliyevaa rangi, kwamba jambo lililotokea ni fundisho, na kwamba bila kumtaja mtu, kuna wasichana ambao wamekosa mkono wa kuwashika, wakawa wanajitangaza huko mtandaoni na kugawa anwani za wazazi wao kama peremende.

"Wazazi wazibe mianya," akamaliza. "Msichana akishafungua mlango, hata baba angekuwa simba atafanyaje?"

Watu wakatikisa vichwa. Hermelinda aliinamisha chake. Yareli alikuwa akitazama ubao.

Crisóforo akasimama.

"Mlango niliufungua mimi," akasema.

Mtu akamwambia anayetaka kusema anyooshe mkono. Akanyoosha mkono, akiwa ameshasimama, na wengine wakacheka tena, lakini kidogo.

"Yule mtu aliniomba mimi viatu vya binti yangu. Kwa hedifoni, tuko mezani. Mimi nilimwita kompadre. Nilimwambia nyumba yako iko mtaa wa Allende, mlango wa buluu, nikamwambia na saa ambayo mtoto yuko peke yake. Yareli hakumwambia kitu. Aliandikisha uongo ofisini ili anifiche, na mimi nikakaa pale nikamwacha. Siku kumi nimemwacha. Nyie mmemsema kwenye foleni na mimi nilikuwa ng'ambo nasikia. Jumatatu nakwenda mjini karatasi ile ibadilishwe. Lakini kwanza nimekuja kuwaambia nyinyi."

"Foro!" Hermelinda akasema nyuma, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto. "Yule wa Puebla?"

"Hakuna wa Puebla, dada. Ndiye huyo."

"Sasa wewe ni mzima kweli?" Heladio akasema. "Unampaje ukompadre mtu ambaye hujamwona hata sura? Ukompadre si wa kuokota!"

Hapo wengi waliguna, wa kumcheka na wa kumhurumia, na Crisóforo akageuka nyuma. Aliona Hermelinda ameachia ule mkono wa Yareli. Aliona Yareli hatazami tena ubao. Anamtazama yeye, na hakuweza kusoma ndani ya macho yale kama kuna msamaha au uchovu tu. Hilo hakulijua, na hakuwa na haki ya kuliuliza mbele za watu.

"Si wa kuokota," akakubali. "Lakini mimi niliokota, kwa sababu alinipa pole na aliomba mwenyewe, nikaona nimeokolewa na kazi ya kubisha hodi za watu. Humu ndani kuna mabinti sita wanaotimiza kumi na tano mwaka huu. Wote wanacheza lile gemu. Na kuna wavulana ambao wanapewa silaha za bure na nguo za bure humo, na wanasema ni rafiki tu. Tangu mwaka jana kikapu hakijapita kwenye nyumba nyingi, mimi nakaa barabarani, naona nani anapita na kikapu na nani hapiti. Na bado sherehe zina wasimamizi. Mimi sina shule, mwalimu Obdulia anajua, lakini hesabu hiyo naiweza."

Kiti kimoja kililia, kikanyamaza. Karibu na dirisha mwanamke mmoja aliitoa simu yake kwenye mkoba, akaitazama, akairudisha taratibu bila kuiwasha. Heladio alikuwa amekaa, anapangusa kofia yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Sitaki kumwaibisha mtu," Crisóforo akasema. "Aibu yote nichukueni mimi, imeshanienea. Nataka kujua jambo moja tu, na asiyeweza kunijibu hapa anijibu gereji, au amwambie mwalimu. Ni nani mwingine humu ndani mwenye kompadre ambaye hajawahi kumwona uso?"